Dibaji Isiyo na Tamati: "Baba Yetu" kwa Sikio la Gungu

Desturi ya tenzi za pwani ni kwamba mtunzi haingii kisani bila ya kupiga hodi. Hutaja kwanza jina la Mola, akafuatisha sifa na sala, aghalabu akaagiza wino na karatasi, ndipo hadithi ikaanza. Mwengo wa Athumani alianza kwa jina la Mola huko Pate mwaka 1728 alipotunga Utenzi wa Tambuka. Mwana Kupona binti Mshamu, mnamo 1858, alimwita bintiye akae karibu na alete vyombo vya kuandikia kabla hajaanza kumuusia. Dibaji za namna hiyo si urembo wa mlangoni. Humjulisha msikilizaji yu mbele ya nani, anasemeshwa kwa lugha gani, na yatakayofuata ayapokee kwa uzito gani. Dibaji ikisema jambo moja na utenzi ukasema jingine, msikilizaji mwenye sikio zuri hutambua mara moja.

Mwezi wa Oktoba 2005 ilitoka huko Marekani kazi moja ambayo dibaji yake ni ya Kiswahili, nayo si utenzi wala riwaya. Ni mchezo wa kompyuta uitwao Civilization IV, uliotengenezwa na kampuni ya Firaxis. Mchezaji akishaufungua, na kabla hajachagua lolote, huiona dunia nzima ikizunguka polepole katika giza la anga. Juu ya picha hiyo kwaya inaimba "Baba Yetu", nao ni Sala ya Bwana wanayoisali Wakristo. Hakuna tafsiri inayoandikwa chini ya picha, wala msimulizi anayeeleza lugha hiyo ni ya nani. Maneno ya kuanzisha mchezo mpya au kuendelea na wa jana yanasubiri, na wimbo unakwenda.

Aliyeutunga muziki huo ni Christopher Tin, Mmarekani ambaye wazazi wake walihamia huko kutoka Hong Kong. Kazi aliipata kwa Soren Johnson, mbunifu mkuu wa mchezo, aliyewahi kuishi naye chumba kimoja katika Chuo Kikuu cha Stanford. Waimbaji wa kwanza walikuwa Talisman, kikundi cha chuo hicho hicho kinachozoea kuimba bila ya ala, na anayetajwa kuwa aliyapanga maneno ya Kiswahili ni Chris Kiagiri. Mwaka 2009 Tin aliuweka wimbo huo mwanzoni mwa albamu yake Calling All Dawns, yenye nyimbo 12 katika lugha 12, safari hii ukiimbwa na Soweto Gospel Choir pamoja na okestra ya Royal Philharmonic ya London. Februari 2011 ukatunukiwa tuzo ya Grammy katika fungu la upangaji wa ala zinazosindikiza waimbaji, ukawa muziki wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya mchezo wa video kuipata tuzo hiyo. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Hapa Kiswahili kilitunzwa kilipocheza ugenini.

Lakini tuzo si uhakiki. Waliotoa tuzo walipima ala na sauti. Maneno hayakuwa na wa kuyapima. Msikilizaji wa Unguja au Lamu naye ana upungufu wake, kwa kuwa amezoea kujiona mwenye lugha, na mwenye mali huwa mwepesi ama wa kujivuna ama wa kununa. Sikio linalofaa zaidi huenda likapatikana mbali na bahari, katika kata ya Gungu, Manispaa ya Kigoma-Ujiji. Jina hilo litamchekesha mpenzi wa mashairi wa pwani, kwani kwake gungu ni ngoma ya kale ya arusi na mafumbo, inayohusishwa na Fumo Liyongo. Si lazima majina hayo mawili yawe na asili moja. Yatosha kwamba yanakutana mdomoni.

Gungu ni mahali ambapo Kiswahili si lugha ya mababu wala si lugha ya wageni. Lugha ya wenyeji wa mkoa ni Kiha. Kiswahili kilifika mwambao wa Ziwa Tanganyika kwa miguu, kwa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo ikapitia Tabora na kuishia Ujiji. Burton na Speke walipofika Ujiji Februari 1858 waliikuta njia hiyo imekwisha kukanyagwa na wafanyabiashara wa pwani. Stanley alimkuta Livingstone hapo mwaka 1871. Wamisionari wa London Missionary Society waliwasili mwaka 1878, na Mapadri Weupe wakafuata Januari 1879. Kwa hiyo msikilizaji wa Gungu alikipokea Kiswahili pamoja na vyote vilivyokuja nacho: msikiti, sala za kanisani, kanga na chumvi, na vilevile mnyororo. Tanzania iliiingiza njia hiyo ya pembe na watumwa, Ujiji ikiwa mojawapo ya vituo vyake, katika orodha yake ya awali ya urithi wa dunia mwaka 2006. Sikio lililolelewa hapo halitaridhika kuambiwa kwamba wimbo ni mtamu. Litauliza unasema nini.

Na kwanza litauliza kama ni Kiswahili. Swali hilo si la dharau. Lugha hii imetumiwa mara nyingi ughaibuni kama mtu atumiavyo ushanga. Michael Jackson alipotoa "Liberian Girl" mwaka 1987, wimbo ulifunguliwa kwa maneno ya Kiswahili, ingawa Liberia si nchi ya Kiswahili hata kidogo. Filamu ya The Lion King ya mwaka 1994 iliisambaza duniani ibara moja ya maneno mawili, na watoto wengi waliokua nayo hawakupata kujua ya tatu. Katika mifano hiyo Kiswahili kimekuwa harufu ya Afrika, si usemi. "Baba Yetu" umetofautika papo hapo, kwa sababu una sentensi kamili. Una anayesema, anayesemeshwa, na haja zinazoombwa moja baada ya nyingine. Vitenzi vyake viko katika hali ya kuomba, ambayo Kiswahili huionesha kwa kuigeuza irabu ya mwisho kuwa "e", na kutokana na sarufi hiyo tu vikazaliwa vina. "Ufike" na "lifanyike" vinaitikiana bila ya mtu kuvitafutia mwenzi. Mshairi yeyote wa pwani anaijua bahati hiyo: dua ya Kiswahili hujitafutia kina chake.

Uteuzi wa maneno nao unastahili kuangaliwa. Kwa haja ya mlo wa kila siku, Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 ilichagua "riziki", neno lililokuja na Kiarabu na lenye kumrejesha mlaji kwa Mwenye kuruzuku. Wakatoliki wamezoea "mkate", kwa kufuata neno la asili. Wimbo umechukua "chakula", kama ilivyo katika tafsiri ya Habari Njema, ambayo maneno ya wimbo yanaikaribia sana. Kwa mpenzi wa ushairi "riziki" lingekuwa zito zaidi, maana ndani yake mna Mtoaji. Hata hivyo, kwa mtu wa Gungu ambaye mlo wake ni ugali na dagaa au migebuka ya ziwani, "mkate" ni mfano na "chakula" ni chakula. Wimbo umechagua neno ambalo mwenye njaa angelitumia, na kwa sala hiyo si kosa.

Kosa, kama lipo, limo katika "yetu". Neno hilo limerudiwarudiwa katika mshororo wa mwanzo, kisha likavuka na kwenda kukaa ubavuni mwa "mbinguni". Hapo mwalimu wa sarufi atashika kalamu nyekundu. "Mbinguni" ni jina la mahali, na mahali hutaka "kwetu" au "mwetu", hapakubali "yetu". Washairi wana jina la uhuru wa namna hii, wanaita kuboronga sarufi, na huuruhusu pale mizani inapobana. Hapa mizani haikubana: "kwetu" ina silabi mbili sawasawa na "yetu". Kwa jicho, basi, hakuna udhuru.

Kwa sikio upo. Majina ya jamaa wa karibu katika Kiswahili yana upatanisho wao wa nyumbani. Husemwa baba yangu, mama yangu, ndugu yetu, ilhali watu wengine wengi ni wangu au wetu. "Yetu" ya wimbo ni ya Baba, wala haikukusudiwa kuzihusu mbingu. Inarudi kama kwaya inavyorudisha mkia wa usemi wa kiongozi katika ngoma za kuitikizana, ambamo waitikiaji hawajali mkia huo umeangukia wapi maadamu wanajua ni wa nani. Na lau ingeandikwa "kwetu", maana ingegeuka. Mbingu zingekuwa makao ya waimbaji, na sala ingeanza kwa kudai makao kabla ya kuomba chakula. Bora sarufi iboronge kuliko unyenyekevu upotee.

Lipo jingine ambalo sikio hulipata na jicho hulikosa. Mshororo wa kwanza umekatwa baada ya "uliye", na mahali penyewe pakatupwa katika mshororo wa pili. Katika kuimba pumzi hukatika hapo. Kwa kitambo kidogo Baba anaitwa kuwa ni yule aliye, basi, bila ya kutajiwa mahali. Mizani ni 9 kisha 10, hesabu isiyofuata kipimo cha utenzi wala cha shairi la mishororo minne, na mkatiko huo ungehesabiwa kuwa udhaifu katika majlisi ya watunzi wakali. Lakini picha iliyo juu ya kioo inausaidia. Dunia inazunguka, haijawa na mpaka wala jina, Ziwa Tanganyika lenye urefu wa kilomita 670 na ushei halipiti unyuzi, na sauti inamwita aliyepo. Ndiyo nukta ambapo neno na picha vimekutana, na ndiyo nukta bora ya dibaji hii.

Neno "Amina" nalo limewekwa mapema, mwishoni mwa mshororo wa pili, ilhali sala huliweka mwisho kabisa. Msikilizaji wa Ujiji, ambako adhana na kengele zimeishi jirani kwa zaidi ya karne, hatalishangaa. Waislamu na Wakristo wa huko hawana "Amina" mbili. Wimbo wa sala ya Kikristo umepata humo mlango ambao jirani naye anaweza kusimama.

Hadi hapo sikio la Gungu limeridhika. Taabu inaanza mlango unapofunguka na mchezo ukaingiwa. Mchezaji anakabidhiwa taifa mwaka 4000 kabla ya Kristo. Anajenga mji, anatafuta chuma, anaunda jeshi, anapatana na majirani au anawaangamiza, mpaka mwaka 2050 au mpaka ashinde. Sasa dibaji na isomwe tena. Kwaya ilikuwa ikiomba ufalme wa Mungu ufike, na aliyekuwa akiisikiliza alikuwa anangoja kubofya ili ausimamishe ufalme wake mwenyewe. Kwaya iliomba chakula cha leo. Ndani ya mchezo chakula ni hesabu inayozidishwa ili mji uzae raia wengi, na raia wengi wazae askari. Kwaya iliomba msamaha na kuahidi kusamehe. Ndani, wafalme wa mataifa mengine huweka kumbukumbu ya kila udhia waliofanyiwa na kuulipa baadaye. Hakuna haja moja ya sala hiyo ambayo mchezo haukuipa jibu la kinyume.

Je, watengenezaji walikusudia kejeli? Hakuna dalili. Yaelekea walitaka sauti ya alfajiri ya wanadamu, na walipoitafuta wakaipata Afrika, na katika Afrika wakaipata katika Kiswahili. Lakini kazi ya sanaa haihukumiwi kwa nia. Lipo jambo moja ambalo mtu wa mwambao wa Ujiji hawezi kulipita. Mchezaji akishagundua ufuaji wa shaba, hufunguliwa ruhusa ya kuchagua utumwa uwe mfumo wa kazi wa taifa lake. Akiuchagua, anaweza kuwatoa mhanga baadhi ya raia wa mji ili jengo likamilike upesi. Hesabu ya watu inapungua, jengo linasimama, na mchezo unaendelea bila ya neno. Lugha iliyoimba mlangoni ndiyo iliyosemwa katika njia ile ya kutoka Bagamoyo, na waliobebeshwa pembe kutoka Ujiji walipewa amri kwa lugha hiyo. Anayeijua njia hiyo akisikia ombi la kusamehewa makosa, kisha dakika chache baadaye akaiona ruhusa hiyo, hawezi kuvitenga viwili hivyo. Pengine ndilo jambo la kweli kuliko yote ambalo dibaji imelisema, na imelisema bila ya kujua.

Baadhi ya Waswahili walijibu kwa fahari: lugha imetukuzwa, na iachwe itukuzwe. Wengine wakajibu kwa uchungu: lugha imetumiwa, wenyewe wakaachwa nje. Upande wa pili una hoja ya orodha. Mataifa 18 yaliyotolewa na mchezo mwaka 2005 hayakuwa na Waswahili, na Mali ndilo lililokuwa taifa pekee la Afrika ya kusini mwa Sahara. Nyongeza ya mwaka 2006 ikaleta Wazulu, na ya 2007 Ethiopia. Katika toleo la sita la mwaka 2016 Zanzibar imo, lakini ni mji mdogo wa kufanyiwa urafiki, na mwenye kuukubalika hupata mdalasini na karafuu. Hata hivyo, hoja ya orodha ni nyepesi. Kuingizwa katika orodha ya watawala wa dunia si heshima ambayo mshairi anapaswa kuililia.

Hoja nzito ni ya maneno. Tin alirudi kutunga dibaji ya toleo la sita, nayo ikaimbwa kwa Kitaliano kutokana na maandishi ya Leonardo da Vinci. Toleo la saba lilipotoka Februari 2025, aliimbisha Kigiriki cha kale kutokana na Iliadi ya Homer. Kitaliano kimepewa Mtaliano wake, Kigiriki kimepewa Mgiriki wake. Kiswahili, kilichotangulia zote, kilipewa sala ambayo kiliipokea kwa tafsiri, na asili yake iliyoandikwa ni Kigiriki hicho hicho. Sala hiyo ni tukufu, na Waswahili Wakristo wameifanya yao kwa haki. Lakini aliyeisikia mlangoni mwa mchezo hakupata fununu kwamba lugha aliyoisikia ina watunzi wake, wenye majina na miji yao.

Na hapo ndipo hasara ilipo, kwa kuwa utenzi ambao mchezo huo uliuhitaji upo. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi akiyatazama magofu ya Pate. Aliuuliza moyo wake wako wapi matajiri waliowasha taa za bilauri na shaba majumbani mwao, na akauonesha popo na buibui waliorithi vyumba hivyo. Naye pia alianza kwa jina la Mungu, kama ada. Tofauti ni kwamba aliyoyataja mlangoni aliyafuatisha ndani mpaka mwisho: aliyemwita Mola mwanzo hakuacha kuhesabu gharama ya ufahari wa binadamu. Mji unaosimama na mji unaoanguka, ndiyo mada ya mchezo huo tangu ulipobuniwa, na Mswahili mmoja aliikamilisha zamani akiwa na kalamu na moyo wa kusemeshwa.

Mchezo unajua kuanza. Una jua, dunia inayozunguka, na kwaya inayoweza kumsimamisha mtu asibofye. Haujui kumaliza. Mwisho wake ni jedwali la alama na cheo cha mshindi, na hakuna sauti inayouliza taa zimekwenda wapi. Tenzi za pwani huwa na tamati, ambapo mtunzi hujitaja, huomba radhi kwa upungufu wake, na kutia "Amina" mahali pake. Kwa sikio la Gungu, "Baba Yetu" ni dibaji njema, iliyoimbwa kwa Kiswahili cha kweli, yenye kosa moja la sarufi linalosameheka. "Amina" yake imekuja katika mshororo wa pili, na baada ya miaka elfu sita ya mchezo haikurudi.